Foleni ya shuka nyeupe: Kwa nini Mulama hupiga picha za maua na majengo tu

Jumapili asubuhi, kabla redio za majirani hazijaanza kuhubiri, Mulama amechutama mlangoni kwa Bi Lela, kamera yake ikikaribia kugusa ua moja la asumini.

Ua lenyewe si kubwa kuliko ukucha wa kidole gumba. Mche wake umepandwa kwenye mkebe mkuukuu wa rangi na kufungwa kwa kamba kwenye vyuma vya dirisha. Mulama anazuia pumzi, anabonyeza, anatazama kioo cha kamera, anakunja uso na kurudia. Maji ya sabuni yaliyomwagwa jana yameshalowanisha viatu vyake, naye hana habari.

Mlango unafunguka. Bi Lela, mjane anayeuza viungo vya pilau mtaani hapa, anatoka na beseni la nguo. Mulama anashusha kamera upesi na kuibana tumboni, lenzi ikitazama chini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umemaliza, au nirudi ndani?"

"Rudi kidogo tu, nisamehe."

Bi Lela anarudi ndani, anavuta pazia na kungoja. Amezoea. Kila Jumapili hufukuzwa hivyo kwenye mlango wake mwenyewe, na kila Jumapili hucheka.

"Sitaki aingie kwenye picha hata kwa kivuli," Mulama anasema akirudi kwenye ua lake. "Kivuli pia ni mtu."

Mulama ana umri wa miaka arobaini na minane. Siku za kazi huwa kwenye kiwanda cha magodoro huko Industrial Area, kwenye mashine ya kukata sponji, na huenda na kurudi kwa miguu kutoka chumba chake cha mabati Mukuru kwa Njenga. Upigaji picha si kazi yake. Hajawahi kuuza hata picha moja. Kamera aliinunua kwa mfanyakazi mwenzake aliyekuwa akihama, kwa shilingi elfu nne alizolipa kidogo kidogo, na mkewe Triza hakumsemesha wiki nzima.

Tangu hapo amejaza kadi baada ya kadi. Ukizipekua picha za miezi hii ya karibuni, utakutana na maua, kuta, madirisha, ngazi, mapaa, kisha maua tena. Hakuna mtoto anayecheka. Hakuna bibi harusi. Ni kama Eastlands yote, upande huu wa mashariki mwa Nairobi, imeamka siku moja ikakuta watu wake wameondoka bila kuaga.

Ukimuuliza kuhusu maua, huongea mpaka chai ipoe. Asumini ya Bi Lela ndiyo kipenzi chake kwa kuwa hufunguka jioni na kufikia asubuhi imeanza kuchoka, hivyo sharti uiwahi. Anaipenda bogenvilia iliyopanda juu ya ukuta mmoja wa mtaa wa Donholm wenye vipande vya chupa, kwa sababu jua likiwaka chupa na maua hung'aa pamoja na huwezi kujua ni kipi kitakukata. Zaidi ya yote analipenda ua la boga lililojiotea kwenye jaa la taka nyuma ya kiwanda, ambalo hakuna aliyelipanda na hakuna anayelidai.

"Ua litanyauka hata nisipolipiga," asema. "Kesho nikilikuta limekufa, hakuna mtu atanitazama vibaya. Limefanya kazi yake, na mimi nimefanya yangu."

Majengo nayo huyapenda kwa sababu hayapepesi macho. Siku za Jumapili mitambo ikizimwa, huzunguka peke yake kwenye barabara za magodauni huko Industrial Area. Mwandishi huyu alifuatana naye. Ukimya wa huko una uzito wake. Mabati yakianza kupata joto hulia moja moja, taratibu, mpaka unainua kichwa kuona ni nani anayetembea juu ya paa.

Hupiga nyumba za zamani za mawe za baraza la jiji, zenye mabomba ya moshi ambayo hayajatoa moshi miaka mingi. Hupiga maghorofa yaliyokwamia njiani, nondo zikichungulia angani. Lakini chaguo lake la kwanza ni milango iliyozibwa kwa matofali. Anayo mingi. Mingine bado ina kizingiti, mingine ina ngazi inayopanda vizuri kabisa mpaka kugonga ukuta.

"Mlango kama huo hauna wasiwasi," aeleza. "Unajua hakuna mtu anaingia."

Ana sheria zake. Hapigi jengo ambalo dirishani kuna mtu. Hungoja mpaka mtu huyo arudi ndani. Hapigi jengo lenye nguo kwenye kamba, kwa sababu anavyoona yeye, nguo ni mtu aliyetoka kidogo. Wakati mmoja alishinda chini ya ghorofa huko Donholm mpaka mlinzi akamshuku na kumuuliza anamvizia nani.

"Nikamwambia namngoja mtu aanue shati lake," asema Mulama. "Hakuamini. Ningekuwa yeye, hata mimi nisingeamini."

Hakuzaliwa na sheria hizi. Triza, ambaye huuza chai na mandazi kwenye lango la viwanda, anakumbuka kamera ilipokuwa mpya.

"Huyu alikuwa anapiga kila kitu. Watoto, wateja wangu, paka wa jirani," asema. "Nilikuwa namwambia, Baba Nanjala, utamaliza watu."

Anakomea hapo. Ni wazi kwamba maneno hayo hayamchekeshi tena.

Kilichombadilisha mumewe ni kazi ya siku moja, Agosti mwaka jana. Wawili hao ni wanachama wa chama cha kufa na kuzikana cha watu wa magharibi mwa Kenya wanaoishi Mukuru na mitaa ya jirani. Kila mwezi wanachanga. Mwanachama akifariki, chama hununua jeneza, hukodi gari la kumrudisha nyumbani, na hutengeneza picha yake kubwa ya kuwekwa juu ya jeneza ikiwa imezungushiwa maua.

Picha hiyo si jambo dogo. Hutangulia mbele ya mwili, ikiwa mikononi mwa mjane au mtoto wa kwanza. Watu wa kijijini huitazama hiyo kwanza, kabla ya jeneza, waone Nairobi imemfanyia nini mtu wao.

Mapema mwaka jana mwanachama mmoja alirudishwa kwao na picha ya kitambulisho iliyokuzwa mpaka uso ukawa madoadoa ya kijivu. Mama yake alikataa kuipokea. Alisema huyo si mwanawe, wamletee mwanawe. Waliosafiri na mwili ule walirudi mjini na aibu isiyosemeka.

Aibu hiyo ilimfanya mwenyekiti wa chama, Khalayi, mwanamke mwenye sauti ya kuamuru hata anapokusalimu, atoe wazo. Kila mwanachama apigwe picha nzuri angali hai, ihifadhiwe, isubiri siku yake. Na si Mulama ana kamera?

"Tuliita akiba," asema Khalayi. "Si watu huweka akiba ya pesa, akiba ya mahindi? Hii ilikuwa akiba ya uso. Hakuna mtu alikuwa na nia mbaya."

Walikutana nyumbani kwa Khalayi baada ya ibada. Ukutani walitundika shuka nyeupe ya chama, ile ile inayotandikwa juu ya meza ya jeneza, kwa kuwa ndiyo pekee iliyokuwa safi. Wote waliiona ikitundikwa.

Shida ilianza walipoketi. Hakuna aliyejua aweke uso gani. Ukicheka, utaonekana umefurahia kwenda. Ukinuna, watoto watasema uliondoka na kinyongo. Jecinta, muuza omena aliyependa kuwa wa kwanza kwa kila jambo, aliketi wa kwanza. Wa pili akawa Kundu, fundi wa magari na mcheshi wa chama. Kundu alikwenda kitini akitania, akakaa, akaweka mikono juu ya magoti. Kisha akauliza swali ambalo Mulama hajalisahau.

"Nitazame wapi? Siku hiyo nitakuwa nawatazama kina nani?"

Mulama alimwambia atazame mlango, juu ya bega lake, na waliofuata akawaambia vivyo hivyo. Wa tatu alikuwa Mzee Opicho, mlinzi mstaafu, aliyetaka kuwahi nyumbani kwa sababu magoti yalikuwa yakimuuma. Wa nne akawa Triza, ili kuwaonyesha wanawake waliokuwa wakisukumana nyuma kwamba kamera haiumi. Kisha wakafuata wengine wote.

Jecinta alifariki kabla ya Krismasi, kwa homa ya mapafu. Picha yake ilisifiwa. Ila katika ibada, Mulama aliona waombolezaji wakigeuka mmoja baada ya mwingine kutazama nyuma yao. Jecinta, pale juu ya jeneza lake, alikuwa akitazama mlango kana kwamba kuna mtu anaingia, na kila aliyemwangalia alitaka kujua ni nani.

"Mimi pia niligeuka," Mulama akiri. "Na mimi ndiye nilimwambia atazame huko."

Kundu alifuata Februari. Alilala mzima, hakuamka.

Khalayi alikwenda kwa Mulama kuichukua picha. Kamera huzipanga picha kwa tarehe na saa zilivyopigwa, naye alibonyeza taratibu zikapita kwenye kioo: Jecinta, Kundu, Opicho, Triza. Akarudi nyuma. Jecinta. Kundu. Akaiweka kamera mezani kwa mikono miwili.

"Wanaenda kwa foleni," alisema.

Mulama alimsihi asirudie maneno hayo. Lakini Khalayi alikuwa ameshayasema, na Mulama alikuwa ameshayasikia. Kufikia mkutano uliofuata hakukuwa na mwanachama asiyejua nafasi yake. Wengine walijifanya kucheka. Mmoja aliyechelewa siku ile ya Agosti na kupigwa wa mwisho alionekana kupata afya ya ghafla.

Bi Lela, ambaye si mwanachama, alizipata habari hizo kutoka kwa wateja wake. "Siku ikifika imefika, picha iwepo isiwepo," asema. "Hayo ni maneno ya watu tu. Lakini sijamwambia Mulama anipige, na wala simwambii."

Hapo ndipo chama kilipofanya jambo ambalo pengine hakuna chama kingine cha kuzikana kimewahi kulifanya. Bila kupiga kura, bila hata kulitaja mkutanoni, wanachama waliamua kwamba Mzee Opicho asife.

Hoja yao ilikuwa rahisi. Foleni haisogei kama aliye mbele hajaondoka. Maadamu Opicho anapumua, Triza yu salama, na aliye nyuma ya Triza, na aliye nyuma ya huyo. Wahenga walisema kufa kufaana. Hawa waligundua kwamba na kuishi nako kunafaana, tena sana.

Mzee Opicho ana miaka sabini na kitu. Anaishi peke yake kwenye chumba kimoja cha nyumba za zamani za mawe, na watoto wake wako Busia. Kabla ya Februari, asema mwenyewe, aliyekuwa akigonga mlango wake ni mtu wa kusoma mita ya maji tu. Mara uji wa wimbi ukaanza kufika kila asubuhi, ungali moto. Yakaja mayai. Likaja blanketi. Baiskeli yake ilichukuliwa ikatengenezwe breki, na haikurudi. Mulama, ambaye humwita Papa kama wanavyowaita baba zao huko nyumbani, akawa anamvusha barabara kuu ya Outer Ring Road kwa kumshika mkono.

"Walinifanya yai," asema Opicho. "Unabebwa kwa mikono miwili, na hakuna anayekuuliza unataka kwenda wapi."

Mwanzoni alifurahi. Alipenda kugongewa mlango, alipenda mabishano ya wanawake juu ya sukari ya uji wake. Kisha akaanza kuyaona macho yao.

"Mtu akinisalimu, hangoji jibu. Anasikiliza kama nitakohoa," asema. "Kanisani nikiinama kuokota kitabu, benchi nzima inaacha kuimba. Kila mtu ananitazama, lakini si mimi anamwona. Anamwona aliye nyuma yangu."

Mwandishi huyu alimuuliza Mulama kama kweli anaamini mambo haya. Tulikuwa tumesimama mbele ya godauni lililofungwa, ukuta mweupe nyuma yetu. Mulama aliuliza kama mwandishi angependa kupigwa moja, pale pale, kwa kuwa mwanga ulikuwa mzuri. Mwandishi alisema ana haraka.

"Unaona," alisema Mulama, na hakucheka.

Baada ya Pasaka, Opicho alifika kwa Mulama amevaa koti lake la ibada, kofia mkononi. Aliomba apigwe upya. Picha mpya ingempeleka mwisho wa foleni, nyuma ya kila mtu, na alikuwa amechoka kukaa mbele.

Mulama alimwambia betri imekufa. Wiki iliyofuata alimwambia kadi imejaa. Mara ya tatu alimwona mzee akija kwa mbali, akaingia choo cha pamoja cha ploti na kujifungia humo mpaka alipoondoka.

"Nilijua anachoomba," asema Mulama. "Na nilijua nikimpa, nimechukua kwa Triza. Nilikuwa namwona Papa kama ukuta wa nyumba yangu. Mtu mzima, ana jina, ana watoto, mimi naona ukuta."

Opicho alipochoka kurudishwa, alikwenda kwa Triza mwenyewe pale langoni, akanywa chai, akamweleza. Jioni hiyo Triza aliichukua kamera kutoka juu ya kabati na kuiweka mapajani mwa mumewe.

"Kesho mpige Papa," alimwambia. "Mimi siwezi kuishi nikijificha nyuma ya mgongo wa mzee."

Mulama alimpiga. Anasema aliishusha kamera kabla haijamaliza, picha ikatoka na uso juu ya uso, kama watu wawili wanaogombea kiti kimoja. Hakuthubutu kupiga nyingine.

Kabla ya wiki kuisha, uji ulihamia kwa Triza.

Wanawake wa chama sasa humsindikiza kununua unga. Humwekea kiti mbali na moto wa mandazi. "Nikipiga chafya tu, watu wanne wanaleta tangawizi," alalama Triza. "Mwingine amenishika mkono nikiwa na wateja, eti anasikiliza mishipa. Wateja wanauliza nina ugonjwa gani. Hiyo biashara itabaki kweli?"

Mumewe amemkataza kupanda pikipiki. Kazini ameonywa kwa kukata sponji upogo. Amekonda, na halili. "Simu ya mtu mwingine ikilia kiwandani, natoa yangu naitazama," asema. "Siku nyingine naacha mashine nakimbia mpaka langoni, nimwone tu amesimama, halafu narudi. Ananiona. Anaendelea kumimina chai."

Nilikuwa chumbani kwao mchana wa Jumapili hii. Khalayi alikuwa amefika na chupa ya uji, akammiminia Triza kikombe kilichojaa.

"Kunywa, Mama Nanjala."

"Nimeshiba."

"Kunywa tu. Si kwa ajili yako peke yako."

Mlango uligongwa, na watu wote watatu wakageuka kwa pamoja. Alikuwa Mzee Opicho. Koti la ibada lilining'inia mabegani mwake kana kwamba bado liko kwenye msumari. Macho yalikuwa yameingia ndani. Alisimama kizingitini muda mrefu, na hakuna aliyemkaribisha, nadhani kwa sababu hakuna aliyekuwa na hakika anamwona nani.

"Mzee, umepotea," Khalayi alisema mwishowe. "Hatujakuona."

"Mngenionaje?"

Mulama alimpa kiti. Opicho aliketi, akaiweka kofia juu ya goti, akaeleza bila kupandisha sauti. Alikuwa amelala wiki nzima na homa. Kuna siku alishindwa hata kuufikia mtungi wa maji. Alimgongea jirani ukutani, akagonga sana, kisha akakumbuka kwamba jirani huyo alihama zamani na chumba kile ni kitupu.

"Asubuhi nilikuwa nasikiliza mlango," alisema. "Nasema, saa hizi uji unakuja. Halafu nakumbuka, mimi ni wa mwisho. Nani ana haraka na wa mwisho?"

Khalayi alikuwa amekunja uso. "Lakini wewe uko nyuma ya watu wote," alisema polepole. "Hungefaa kuwa mgonjwa hivyo."

"Nilikuwa karibu kwenda, Mama. Na nyinyi wote mko mbele yangu, mnakunywa uji."

Niliuliza kama hiyo haionyeshi kwamba foleni yenyewe ni uongo mtupu. Opicho alinigeukia.

"Ya uongo, ya kweli, mimi sijui," alisema. "Uji ulikuwa wa kweli."

Kisha alimwomba Mulama aifute ile picha ya pili, amrudishe alipokuwa.

Mulama aliitafuta kwenye kamera. Uso juu ya uso. Kidole chake kilisimama juu ya kitufe na kikakataa kushuka. "Sijawahi kufuta mtu, Papa," alisema. "Sijui kufuta kunafanya nini."

"Usimfute," Triza alidakia. "Papa, mimi nitakuletea uji. Kaa huko huko mwisho, nitaleta kila siku."

"Wewe utaleta, najua," alijibu Opicho. "Na hawa?"

Alimtazama Khalayi. Khalayi alitazama kikombe. Nje mtu alikuwa akipigilia bati msumari.

Opicho aliinuka, akaichukua kamera kutoka mikononi mwa Mulama na kuuliza ni kitufe kipi. Akabonyeza. Kamera ikauliza kama ana hakika. Akabonyeza tena, na kwenye kioo ikabaki picha ya mlango uliozibwa kwa matofali.

Alirudi kuketi. Kwa muda tulimtazama tu, kama watu wanaongoja dawa ifanye kazi. Kisha Khalayi alinyoosha mkono, akakiondoa kikombe mbele ya Triza, akakisukuma taratibu mpaka mbele ya mzee. Opicho alikishika kwa mikono miwili, akanywa mpaka chini, akaomba kingine.

Triza alitoka nje akilia. Nilipomuuliza baadaye alikuwa akilia nini, alisema hajui kama ni kwa uchungu au kwa haya.

Mulama anajua alichohisi yeye. "Nilifurahi," aliniambia tulipokuwa tumesimama kichochoroni. "Umeona alivyokonda? Na mimi nikafurahi, hapo hapo, akiwa bado ameshika hicho kikombe. Kifua kikawa chepesi. Nimekuwa mtu gani?"

Amejiahidi kwamba uji wa Opicho ataupeleka yeye mwenyewe kabla ya kwenda kazini, foleni iwepo isiwepo. Anatamani siku moja arudi kupiga watu, watu wanaofanya mambo yao, wasiokuwa na shuka nyuma yao. Lakini anasema kuna picha moja lazima itangulie.

Katika foleni nzima ya chama, yeye hayumo. Siku ile ya Agosti hakuna mtu mwingine aliyejua kuitumia kamera, kwa hiyo hakuna aliyempiga. Sasa ameirudisha tarehe ya kamera nyuma mpaka siku hiyo, na saa ameiweka baada ya picha ya Opicho na kabla ya ile ya Triza. Amemwonyesha mkewe mahali pa kubonyeza.

Triza amekataa. "Hiyo kazi atafute mtu mwingine," asema, mikono ikiwa ndani ya unga wa mandazi ya kesho. "Mimi siweki mtu wangu hapo mbele."

Mulama hataki mtu mwingine ampige. Anasema atamwomba tena Jumapili ijayo, na ile itakayofuata, mpaka akubali.

"Hayo mambo siyaamini sana," asema. "Lakini kama kuna anayekuja kumtafuta Triza, nataka anikute mimi kwanza."